Kadi ya Grafiki kwa Chumba cha Sayansi: Tuliyojifunza Kabla na Baada ya Kununua



Baada ya Misa ya Dominika ya mavuno mama mmoja wa parokia jirani alituuliza swali ambalo tangu siku hiyo tumelisikia mara nyingi: "Hiyo kadi ya kompyuta mnayoitaka, si ndiyo ile vijana wanachezea gemu?" Aliuliza kwa upole, lakini swali lilikuwa zito. Fedha ya chumba cha sayansi ilitoka kwenye bahasha za waamini, na nyingine ilitoka kwenye magunia ya mahindi yaliyoletwa altareni siku ile ile. Jibu la kweli ni ndiyo, ni ile ile. Kadi inayochora mpira na magari ya mashindano ndiyo inayochora mapafu, molekuli na galaksi. Lakini kadi inayofaa gemu si lazima ifae kazi yetu, na kadi inayofaa kwenye mfumo wa Windows yaweza kuwa mzigo kwenye mfumo huria kama Linux. Hapo ndipo fedha ya watu hupotea.

Somo hili basi ni jibu refu kwa yule mama. Tumeliandika pia kwa ajili ya mseminari ambaye siku moja atakabidhiwa chumba cha kompyuta cha shule ya parokia, na kwa ajili ya mjumbe wa halmashauri ya walei atakayeombwa kupitisha bajeti ya kitu asichokijua. Sisi tunatumia Debian, mojawapo ya mifumo ya familia ya Linux. Haina leseni ya kulipiwa kila mwaka, na kompyuta ya zamani haikataliwi kwa sababu tu imezeeka. Yale tutakayosema yanafaa pia kwa Ubuntu, Fedora na ndugu zao.

Tunachotaka kukiona

Picha ya kisayansi ni nambari zilizopewa rangi na umbo. Mashine ya CT haipigi picha ya moyo. Inapima jinsi kila nukta ya mwili inavyozuia mionzi, na kutoa rundo la nambari. Programu kama 3D Slicer au ParaView, zote huria, huyachukua marundo hayo na kuyajenga upya mpaka uweze kuuzungusha mfupa wa paja kwa kipanya. Prosesa ya kawaida inaweza kuifanya kazi hiyo, lakini ni kama mafundi wanane hodari wanaopiga lipu uwanja mzima wa mpira. Kadi ya grafiki ni vibarua elfu mbili wenye ujuzi mdogo, wote wakifanya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa kazi ya kupaka rangi mamilioni ya pikseli, vibarua hushinda.

Mfano tutakaoutumia katika somo zima ni Visible Human, mradi wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mwaka 1994 maktaba hiyo ilitoa data ya mwili mzima wa mwanamume mmoja, na mwaka uliofuata ikatoa ya mwanamke. Data hiyo hupatikana bila malipo, na ndiyo wanafunzi wetu wa biolojia huanza nayo.

Hapa tunaomba tusimame kidogo. Mwanamume yule alikuwa mfungwa aliyeuawa kwa sindano katika jimbo la Texas mwaka 1993, adhabu ambayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, tangu namba 2267 ilipoandikwa upya mwaka 2018, inaikataa waziwazi. Aliutoa mwili wake kwa sayansi kabla ya kufa. Kila tunapolifungua faili lake kwa mara ya kwanza na darasa jipya tunasali sala ya marehemu. Kijana mmoja aliwahi kucheka sala ilipoanza. Ilipofika wakati wa kuuona uso ukijengeka kwenye skrini, hakucheka tena.

Kwa mafrateri wanaosoma kosmolojia kuna mambo mengine ya kuona: mwendo wa sayari, ramani za galaksi, kutanuka kwa ulimwengu. Wakumbuke kwamba Padre Georges Lemaître, Mbelgiji aliyeandika mwaka 1927 juu ya kutanuka huko, alikuwa mpenzi mkubwa wa mashine za kukokotoa, na mwaka 1958 ndiye aliyekiletea chuo kikuu chake cha Louvain kompyuta ya kwanza ya kielektroniki, Burroughs E 101. Padre kusimama dukani akiuliza habari za kompyuta si jambo geni.

Memori kwanza, kasi baadaye

Muuza duka atakuambia kasi. Wewe muulize memori ya kadi yenyewe, siyo ile ya kompyuta. Sababu inaonekana kwa kalamu na karatasi.

Picha za CT za yule mwanamume ni vipande 1,871, kila kimoja kikiwa na pikseli 512 kwa 512, na kila pikseli inahifadhiwa kwa baiti 2. Zidisha: 512 × 512 × 1,871 × 2 unapata 980,942,848, yaani karibu MB 981. Ukiwa na kadi ya GB 2 utafikiri umepona. Lakini programu nyingine huzigeuza nambari hizo ziwe za baiti 4 kabla ya kuzichora, na mzigo unafika karibu GB 1.96. Ongeza dirisha la programu, ongeza skrini yenyewe, na kadi ya GB 2 imejaa. Kwa hiyo sisi tuna kanuni ya jikoni: pima ukubwa wa data, zidisha kwa mbili, kisha acha nafasi.

Sasa njoo kwenye picha za rangi. Mwili ule uligandishwa, ukakwanguliwa milimita moja baada ya nyingine, na kila mara ukapigwa picha ya pikseli 2,048 kwa 1,216. Kila pikseli ina baiti 3, moja kwa kila rangi ya msingi. Kipande kimoja ni baiti 7,471,104. Vipande 1,871 ni karibu GB 14. Hakuna kadi ya bei ya parokia itakayoubeba mzigo huo mzima. Hata hivyo ukipunguza data kwa nusu katika kila upande, yaani urefu, upana na kina, hubaki sehemu moja ya nane, GB 1.75, na kadi ya GB 4 inaimudu. Mwanafunzi akikumbuka kwamba nusu ya pande tatu ni moja ya nane, atakuwa ameokoa fedha nyingi kuliko sisi.

Maumbo ya nje ni mepesi zaidi. Ukitoa uso wa mifupa ukawa pembetatu milioni 10, zenye ncha kama milioni 5, kila ncha ikichukua baiti 24 na kila pembetatu baiti 12, jumla ni MB 240 tu. Molekuli za darasa la kemia ni nyepesi kupita hapo, na anga la usiku katika Stellarium huchorwa vizuri na grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya kawaida. Tunasema hivi makusudi: kama shule yenu inahitaji Stellarium na molekuli peke yake, msinunue kadi yoyote. Nunueni projekta nzuri.

Kadi ya kasi ndogo hukuchelewesha. Kadi ya memori ndogo hukukatalia. Kati ya kadi ya GB 8 yenye kasi ya wastani na ya GB 4 yenye kasi kubwa, kwa kazi hii tunachukua ya kwanza bila kusitasita.

Wengine watawaambia mnahitaji kadi za kitaalamu, zenye bei mara tatu au nne. Sifa zake ni memori inayojisahihisha makosa, vyeti kutoka kwa watengenezaji wa programu za kulipia, na wakati mwingine uwezo mkubwa wa hesabu za nambari ndefu. Vyeti hivyo si vya programu tunazotumia. Nambari ndefu zinahitajika katika kukokotoa, si katika kuchora. Macho ya mtu hayaoni tarakimu ya kumi baada ya nukta.

Draiva: hapa ndipo penye kesi

Draiva tunayoizungumzia si yule wa daladala, ingawa kazi zinafanana. Ni programu inayojua lugha ya kadi na kuipeleka inakotakiwa. Gari zuri lisilo na dereva hubaki kituoni. Katika mfumo huria swali si kama draiva ipo leo. Swali ni nani ataitunza miaka 5 ijayo, wakati kiini cha Linux kitakapokuwa kimebadilika mara nyingi na mtengenezaji wa kadi ameshasahau kwamba aliwahi kuitengeneza.

Kwa kadi za AMD, draiva iitwayo amdgpu imo ndani ya kiini chenyewe cha Linux tangu mwaka 2015, na sehemu ya kuchora imo katika mradi huria uitwao Mesa. Ukiweka Debian, unakuta kadi inafanya kazi, mradi tu umeweka pia faili za firimwea, zile programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kadi inapowaka. Zamani faili hizo ziliwasumbua wengi kwa sababu si huria, na Debian haikuziweka kwenye diski yake ya kawaida ya kusakinishia. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023 zimo.

Faida ya draiva kuwa huria tutaieleza kwa mfano mmoja. Kadi za Radeon HD 5000 zilitoka mwaka 2009. Mwaka 2015 AMD yenyewe iliziweka kando katika draiva zake za Windows. Lakini ndani ya Mesa bado zina draiva, na wapo watu walioendelea kuirekebisha miaka mingi baadaye, baadhi yao bila kulipwa na AMD hata senti. Hilo liliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi kusomwa. Kwa shule isiyonunua kompyuta kila mwaka, habari hiyo ina thamani kuliko jedwali lolote la kasi.

Intel nao wamefuata njia hiyo: draiva huria, ndani ya kiini. Kadi yao ndogo ya Arc A380, ya mwaka 2022, ina GB 6 na hutumia wati 75, na kwa karatasi ni kama imetengenezwa kwa ajili ya shule. Ina masharti mawili. Kwanza inataka mazabodi yenye uwezo uitwao Resizable BAR, ambao kompyuta nyingi za mitumba hazina. Bila huo inapungua nguvu sana. Pili, kiini cha Linux kiliitambua chenyewe kuanzia toleo la 6.2, na Debian 12 ilikuja na 6.1. Pungufu ya hatua moja tu! Debian 13 ya mwaka 2025, yenye 6.12, haina shida hiyo. Tunautoa mfano huu kwa sababu watu hudhani kadi mpya ndiyo salama. Kwenye Linux, kadi mpya kuliko kiini chako ni mgeni asiyejulikana mlangoni.

NVIDIA tunapaswa kuwasema kwa haki. Mwaka 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliwatukana hadharani nchini Finland kwa maneno na ishara ambavyo jarida la seminari haliwezi kuvichapisha. Tangu hapo wamebadilika. Mei 2022 walifungua msimbo wa sehemu ya draiva inayoingia kwenye kiini, kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea, yaani GTX 16 na RTX 20 kwenda juu. Sehemu yao ya kuchora bado imefungwa, ingawa ndani ya Mesa kuna draiva huria ya NVK inayozidi kukua.

Tatizo liko kwenye kadi zao za zamani, nazo ndizo zimejaa kwenye maduka ya mitumba. Kizazi cha Kepler, ambacho kimo ndani ya kompyuta nyingi za kitaalamu zilizotumika zenye kadi za Quadro K2000 na K4000, kiliishia kwenye draiva ya tawi la 470, na matunzo ya tawi hilo yakaisha mwaka 2024. GTX 900 na GTX 10 zimefika mwisho wa safari kwenye tawi la 580. Ukiweka kiini kipya, draiva ya zamani hukataa kujengwa nacho, na asubuhi darasa linakuta skrini nyeusi. Mtu atasema, si kuna draiva huria ya nouveau? Ipo, lakini GTX 900 nyingi na GTX 10 zinadai firimwea yenye saini ya mtengenezaji ndipo zipandishe kasi, na nouveau haikupewa firimwea ya kufanya hivyo. Kadi inawaka, inachora, lakini inatembea kama gari lililokwama gia ya kwanza.

Katika kamati yetu walikuwapo waliotaka NVIDIA hata hivyo, na hoja yao haikuwa ya kijinga. Walisema kuona na kukokotoa ni kazi mbili, na kwenye kukokotoa, hasa akili unde, programu nyingi zimeandikwa kwa CUDA, lugha ya NVIDIA peke yake. Mfumo wa AMD unaoshindana nayo, ROCm, hauungwi mkono rasmi kwenye kadi zake nyingi za bei nafuu. Ni kweli. Kama chuo chenu kinataka kufundisha kompyuta itambue viungo ndani ya picha za CT, chagueni NVIDIA ya kizazi cha Turing au kipya zaidi, na mkubali kuitunza draiva yake. Sisi tulitaka kuona, na kuona hakuhitaji CUDA. Tulibishana jioni mbili. Gambera alituacha tubishane, kisha akauliza swali moja: nani ataitengeneza ikikwama wakati wa likizo? Kwa kadi isiyohitaji mtu, jibu lilipatikana.

Umeme, plagi na kosa letu

Sasa tuungame. Kadi ya kwanza tuliyonunua ilikaa ndani ya boksi muhula mzima.

Tulikuwa tumesoma kila kitu kuhusu draiva, tukahesabu memori, tukalipa. Hatukuwa tumefungua kompyuta. Ilikuwa kompyuta ya ofisi iliyotumika, nzuri kwa barua na hesabu, yenye pawa saplai ya wati 240 na hakuna waya hata mmoja wa kupeleka umeme kwenye kadi. Kadi nayo ilikuwa na tundu la pini 8, na ilikuwa ndefu kuliko kasha kwa vidole viwili.

Hesabu yenyewe ni rahisi na tunaomba kila mseminari aishike. Sloti ya kwenye mazabodi hutoa wati 75 zisizozidi. Waya wa pini 6 huongeza 75, na wa pini 8 huongeza 150. Kadi isiyo na tundu la waya, basi, haizidi wati 75, na hiyo ndiyo pekee ya kuweka kwenye kompyuta ya ofisi bila kubadilisha pawa saplai. Radeon RX 6400 ni ya aina hiyo: wati 53, GB 4, na hutengenezwa pia kwa umbo fupi linaloingia kwenye kasha jembamba. Watu huilaumu kwa sababu inatumia njia 4 tu za sloti. Kwa gemu lawama hiyo ni ya haki. Kwetu sisi data huingia kwenye kadi mara moja kisha tunaizungusha, kwa hiyo njia nyembamba haitusumbui sana, isipokuwa memori ikifurika.

Fundi mmoja alijitolea kutusaidia kwa kiunganishi cha kugeuza waya wa SATA, ule wa kulishia hadi diski, uwe wa pini 8. Kiunganishi hicho kinauzwa bei ya soda mbili. Tulishukuru tukakataa. Plagi ya SATA imepimwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Ukiiwekea kadi inayoamini ina wati 150 nyuma yake, plastiki inayeyuka. Chumba chetu cha sayansi kiko chini ya bweni. Ndugu msomaji, kama hutakumbuka kitu kingine chochote katika somo hili, kumbuka hicho kiunganishi.

Kadi ile tuliiuza kwa hasara ndogo, na hasara hiyo tuliitaja kwenye taarifa ya fedha iliyosomwa parokiani. Mjenga mnara wa Injili ya Luka alikaa kwanza akahesabu gharama. Sisi tulihesabu mnara tukasahau kiwanja.

Ukienda dukani kwa vitu vya mtumba

Kadi nyingi zilizotumika zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu za kidijitali, hasa kabla ya Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji wa namna hiyo na kadi zikamwagika sokoni. Si lazima ziwe mbovu. Feni ndiyo huchakaa kwanza, na mafuta ya kupitishia joto hukauka. Radeon RX 580 ya GB 8, ya mwaka 2017, imo sana kwenye kundi hilo, na bado ni kadi nzuri ya kuona kwenye Linux kama una pawa saplai ya kuibeba, maana inakula wati 185. Angalia tu usiuziwe ile iitwayo 2048SP, ambayo ina vibarua 2,048 badala ya 2,304 ingawa jina la boksi linafanana.

Ulaghai mkubwa zaidi ni kadi ya zamani iliyobandikwa jina jipya na kubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitangaze kwa jina hilo. Dawa yake iko mfukoni. Nenda dukani na flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Omba kadi iwekwe kwenye kompyuta ya dukani, washa kwa flashi yako, fungua dirisha la amri uandike lspci -nnk. Mstari wa kadi utakuonyesha chipu yenyewe, na chini yake draiva inayotumika. Kibandiko kinaweza kusema lolote. Ukiona jina la chipu ya kizazi kingine, rudisha kwa heshima. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia jaribio hilo. Anayekataa amekujibu.

Kisha andika glxinfo -B. Hapa panatakiwa jina la kadi. Ukikuta neno llvmpipe, maana yake kadi haifanyi kazi yoyote: Mesa imekosa draiva na inachora kwa prosesa. Dirisha litafunguka, picha itaonekana, na mtu asiyejua ataondoka ameridhika. Tumeona shule iliyofanya hivyo kwa mwaka mzima, ikilalamika kwamba "kadi ni nzito", wakati kilichokosekana ni faili moja ya firimwea.

Jambo moja la mwisho kwa mnunuzi: zile gia tatu zinazozunguka za glxgears si kipimo cha nguvu, ingawa kila mtu hupenda kuzionyesha. Chukua faili la CT kwenye flashi hiyo hiyo, lifungue, lizungushe dakika kumi, usikilize feni.

Tulichokiweka hatimaye

Tulitafuta kasha la kawaida lenye pawa saplai ya wati 500, kisha tukaweka Radeon RX 6600: GB 8, wati 132, waya mmoja wa pini 8. Ni ya mwaka 2021, kwa hiyo kiini cha Debian 12 tuliyokuwa nayo kiliifahamu tayari. Bei hatuiandiki kwa sababu hupanda na kushuka pamoja na dola, na msomaji wa mwaka kesho angetuona waongo. Tuliongeza UPS, maana kwetu umeme hukatika bila hodi, na kitambaa cha kuzuia vumbi mbele ya feni ambacho mafrateri hukifua kila Jumamosi pamoja na vitambaa vya jikoni.

Kadi inapofanya kazi, mwili mzima wa CT unazunguka bila kukwama. Mwanafunzi akipunguza uzito wa ngozi, misuli inaonekana. Akiendelea, mifupa inabaki peke yake.

Yule mama alikuja kuona, akaleta na wenzake wawili wa WAWATA. Alikaa kwenye kiti cha mbele, akaomba aonyeshwe nyonga, kwa kuwa yake inamsumbua. Tulimwonyesha jinsi kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa ndani ya kikombe chake. Aliishika nyonga yake kwa mkono, akatazama skrini, akaomba tuzungushe tena upande wa nyuma.

Data ya rangi nzima, zile GB 14, bado haiingii. Tunafungua kifua peke yake, vipande 400, ambavyo ni kama GB 3, au tunapunguza mwili mzima kwa nusu kila upande, na panapohitaji macho makali tunarudi kwenye kipande kimoja kimoja.